Barua ya wazi kwa vijana wanaofuta node_modules kabla ya kusoma kosa

Wanangu,

Salamu kwenu nyote mnaokesha mbele ya skrini. Nawaandikia nikiwa na uchungu, na sitauficha. Kuna jambo linarudiwa kila wiki hadi linachosha macho. Seva ya kuundia programu inagoma kujenga upya, terminali inajaa maandishi mekundu, na kabla mstari mmoja haujasomwa, mkono umeshakimbilia kufuta. node_modules, folda la vifurushi ambavyo mradi unavitegemea, imekwenda. package-lock.json, faili linalorekodi matoleo yake, nayo imekwenda. Inapigwa npm install, amri ya kusakinisha vifurushi, seva inawaka, mtu anashangilia, anatuma komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa kwenye Git) na kwenda kulala. Asubuhi wenzake wanavuta mabadiliko na kukuta makosa ambayo jana hayakuwepo.

Acheni. Nawaomba, acheni.

Nitaeleza kwa nini, maana kukataza bila kueleza ndiko kulikotufikisha hapa. Ndani ya package.json, faili linaloorodhesha vifurushi ulivyoviomba, kuna maandishi kama ^1.4.2. Hicho kikofia hapo mbele kinaruhusu toleo lolote kuanzia 1.4.2 mradi lisifike 2.0.0. Anayejua ni toleo lipi hasa limewekwa ni package-lock.json, na halishiki vifurushi ulivyoviomba tu, bali na vile vilivyoletwa na vifurushi hivyo, na vilivyoletwa na hivyo vingine, hadi mwisho wa mnyororo. Ukilifuta, unaruhusu mamia ya vifurushi kusogea kwa mpigo mmoja. Seva ikiwaka, hujui kilichoiponya. Isipowaka, sasa una matatizo mawili, na lile la kwanza hujalisoma bado.

Ikiwa kweli folda imeharibika, kwa mfano usakinishaji ulikatika katikati, kuna amri yake: npm ci. Yenyewe huiondoa node_modules, kisha husakinisha sawasawa na yaliyoandikwa kwenye package-lock.json bila kuligusa. Faili hilo likipingana na package.json, amri inasimama na kukuambia. Huko kusimama ni msaada. Msiukimbie kwa kuongeza --legacy-peer-deps, inayopuuza migongano ya matoleo kati ya vifurushi, kwa mazoea, kama mtu anayeziba king'ora badala ya kutafuta moshi.

Sasa kusoma. Pandeni juu. Terminali ikimwaga mistari sitini, ya mwisho mara nyingi ni njia aliyopita mjenzi mwenyewe (programu inayojenga mradi) ndani ya node_modules, na haiwahusu. Tafuteni kosa la kwanza, kisha ndani yake mstari wa kwanza unaotaja faili lenu, kwa mfano src/kurasa/Malipo.jsx:42:17. Hapo 42 ni mstari na 17 ni nafasi ya herufi ndani ya mstari. Mkiutazama wa 42 na kuuona hauna doa, rudini nyuma: pengine mabano yaliachwa wazi kwenye wa 38, na mjenzi hakushtuka mpaka alipokutana na kitu asichokitarajia. Makosa mengine thelathini yaliyofuata ni watoto wa hilo moja. Likitibiwa, yanaondoka nalo.

Hata hivyo kusoma nusu nako kuna hatari yake. Chukueni ENOSPC. Kijana anaiona kwenye Linux, anatafuta maana, anaambiwa ni kifupi cha maneno yanayosema kwamba nafasi imekwisha kwenye diski. Basi anaanza kufuta: picha, video, nakala za kazi za zamani. Anawasha seva, kosa liko palepale. Anafuta zaidi. Diski ina nusu nzima tupu, na hakuna aliyemwambia asome maneno yaliyoandikwa baada ya kile kifupi, yanayotaja ukomo wa kutazama mafaili. Seva hutumia inotify ya Linux ili ijue faili gani limebadilika, na kila mtumiaji ana mgao wake wa vitu vya kutazamwa. Kwa miaka mingi mgao wa kawaida ulikuwa 8192, na mradi mmoja mkubwa unaweza kuumaliza. Uangalieni hivi:

cat /proc/sys/fs/inotify/max_user_watches

Ukiwa mdogo, andikeni fs.inotify.max_user_watches=524288 kwenye faili lenye kiishio .conf ndani ya /etc/sysctl.d, kisha pigeni sudo sysctl --system. Kumbukeni kihariri chenu nacho kinakula mgao uleule, kwa hiyo kufunga miradi mingine iliyofunguliwa kunaweza kutosha kwa muda. Na kama seva iko ndani ya kontena la Docker, rekebisheni kwenye Linux inayolibeba, maana kontena linatumia kerneli, yaani kiini cha mfumo, ya mwenyeji wake. Kijana yule hakuwa mvivu. Alifanya kazi ngumu mahali pasipohusika, na picha zake hazirudi.

Kinyume cha hapo ni ukimya: unahifadhi faili, hakuna kosa, na hakuna kinachojengwa. Kwa anayetumia WSL2, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows, tazameni kwanza mradi unakaa wapi. Ukiwa chini ya /mnt/c, yaani kwenye diski ya Windows, taarifa za mabadiliko haziifikii Linux ipasavyo. Uhamishieni kwenye folda ya nyumbani ya Linux yenyewe. Isipowezekana, iambieni seva iwe inakagua mafaili yenyewe kila mara, kwa CHOKIDAR_USEPOLLING=true ikiwa inatumia maktaba ya chokidar au, kwa seva ya Vite, usePolling chini ya server.watch. Kichakataji kitalipa gharama yake.

Mengine nayataja tu, maana hayahitaji hotuba. EADDRINUSE: poti imeshikwa, mara nyingi na seva yenu wenyewe ya jana, lsof -i :3000 itawapa namba ya mchakato, kisha kill na namba hiyo, na -9, ya kuua kwa nguvu, iwe ya mwisho kabisa. Kumbukumbu kuisha katikati ya ujenzi: NODE_OPTIONS=--max-old-space-size=4096, hiyo ni megabaiti, lakini mkiipandisha kila mwezi kuna kitu kinavuja. ERR_OSSL_EVP_UNSUPPORTED: mradi wa webpack 4, chombo cha kujengea, umekutana na Node 17 au zaidi, iliyokuja na maktaba ya usimbaji OpenSSL 3 mwaka 2021, --openssl-legacy-provider ni bandeji, tiba ni kuhamia webpack 5 ya karibuni. Mradi unaojengeka kwenye Mac na kufa kwenye Linux: mmeandika button mahali faili linaitwa Button, na Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo, sahihisheni mlichoandika, au mkibadilisha jina la faili tumieni git mv, ili Git nayo ijue. Kosa linalotaja faili mlilokwisha kulipa jina jipya: hiyo ni kache. Zimeni seva, futeni .next kwa Next.js, .angular/cache kwa Angular, au washeni Vite kwa --force. Hizo zinafutika bila madhara kwa sababu hujengwa upya kutokana na kazi yenu. package-lock.json si mojawapo.

Na lawama si yenu peke yenu. Tunaowatangulia tumewafundisha kwa kunakili. Mwanafunzi akiuliza, anapewa amri tatu bila sababu hata moja, na jibu linaloanza na "futa kila kitu" ndilo linaloshukuriwa kuliko yote, kwa kuwa limefanya kazi mara moja kwa mtu mmoja. Kiongozi wa timu anataka seva iwake kabla ya kikao, haulizi ilizimwa na nini. Isitoshe, makosa yameandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wenu mlifundishwa kwa kuogopeshwa. Wanangu, maneno yake ni machache na yanajirudia. Aliyekwisha kuyaelewa ishirini husoma mengi yaliyobaki bila jasho.

Mkikwama kabisa, jiulizeni jana iliwaka, leo kimebadilika nini. git status na git diff zinajibu mengi. Ikiwa hamjui iliharibika lini, tumieni git bisect, inayogawa historia nusu kwa nusu: kati ya komiti elfu moja, majaribio kama kumi yanawafikisha kwenye ile yenye hatia. Na mkiomba msaada, pelekeni jibu la node -v (toleo la Node), kosa la kwanza zima kama maandishi, si picha ya nusu skrini, na mlichokigusa kabla halijatokea.

Na wewe uliyetuma package-lock.json mpya jana usiku, bado hujachelewa. Kama ile ndiyo komiti yako ya mwisho, piga git restore --source=HEAD~1 package-lock.json, kisha npm ci. Lile kosa la jana huenda likarudi. Likirudi, panda juu ulisome.