Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Kisumu

Ndugu wanachama,

Mambo madogo nayapitia upesi. Hesabu zimekaguliwa, na nakala mtaipata kwa mweka hazina. Wanachama wapya wamejiunga kutoka Siaya, Vihiga na Busia, karibuni sana. Mafunzo ya Kakamega yalifanyika licha ya umeme kupotea.

Jambo kubwa ni hili: programu tunazoweka kwenye kompyuta za shule, zahanati na sako zinatoka wapi, na tunajuaje kwamba hazikuchezewa njiani?

Wengi wetu tunahudumia mahali ambapo intaneti ni ya kubahatisha. Basi faili za .deb, yaani vifurushi vya programu za Debian, mfumo huria wa kompyuta tunaoutumia, zimekuwa zikipitishwa kwa flashi, mkono hadi mkono, kisha zinawekwa kwa dpkg, programu ya kusakinisha, ambayo kwa kawaida haikagui sahihi ya kidijitali ya mtu yeyote. Anayekagua ni apt, programu inayochukua vifurushi kutoka hazina, yaani ghala la programu za Debian. Husoma InRelease, faili ya muhtasari wa hazina iliyotiwa sahihi na Debian, na kutoka hapo hufuata alama ya SHA256 ya kila kifurushi, yaani namba inayokokotolewa kutoka maudhui yake. Herufi moja ikibadilishwa, apt inakataa. Ndiyo maana sasa tunanakili hazina yenyewe, pamoja na InRelease yake, kwenye diski za chama. Kompyuta ya kijijini isiyo na mtandao inafanya ukaguzi uleule. Diski hizo lazima zirudishwe kusasishwa, kwa sababu hazina ya marekebisho ya usalama ina tarehe ya kuisha.

Nawasihi mnaoandika [trusted=yes], amri ya kuiambia apt iamini hazina bila kukagua sahihi, ili iache kulalamika: iondoeni. Kuna mgonjwa ambaye rekodi zake zimo kwenye mashine hiyo.

Hata hivyo sahihi ina mpaka. Tarehe 29 Machi 2024, mhandisi wa programu Andres Freund alitangaza kwamba xz, programu ya kubana faili, toleo la 5.6.0 na la 5.6.1, lilikuwa na msimbo wa siri uliolenga kumfungulia mvamizi seva kupitia ssh, njia ya kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali. Alianza kushuku baada ya kuona kuingia kwa ssh kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Aliyeupenyeza alijiita Jia Tan, na alikuwa amechangia kazi halali tangu 2021. Mtunzaji wa xz, Lasse Collin, alikuwa akiibeba kazi hiyo kwa kujitolea, amechoka, huku akaunti nyingine zikimshinikiza aongeze msaidizi. Jia Tan akapewa nafasi, na vifurushi vile alivitoa yeye mwenyewe. Sehemu ya hila ilikuwa kwenye kifurushi cha kupakua tu, haikuonekana kwenye hazina ya msimbo ambayo watu huisoma.

Kwa hiyo sahihi hutuambia kifurushi kimetoka kwa nani. Nia yake haituambii. Toleo thabiti la Debian, lile lisilopokea programu mpya haraka, halikuguswa, na mimi naona subira ile ya kutokimbilia kila kipya imetukinga sisi pia. Seva za zahanati zibaki kwenye toleo thabiti.

Nina mapendekezo mawili ya kupigiwa kura. Kwanza, sehemu ya ada zetu iwaendee watunzaji wa programu tunazozitegemea kila siku. Mtu anayefanya kazi peke yake, bila malipo, ni rahisi kuzungukwa. Tunajua kuchangiana kwenye matanga na karo. Na hili tulichangie.

Pili, tuthibitishiane ana kwa ana funguo za kidijitali tunazotilia sahihi. Kila mwenye ufunguo aje na kitambulisho cha taifa na alama ya ufunguo wake (mfuatano wa herufi na tarakimu unaoutambulisha) iliyochapishwa kwenye karatasi. Tutazisoma kwa sauti kabla ya chakula cha mchana.

Mwenyekiti