Jicho lililozoea anga bado lina kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu hoja ya mwandishi wa safu yako ya sayansi, aliyedai kwamba tangu darubini zinazojiendesha zilipoanza kupiga picha anga kila usiku, watu wanaotafuta milipuko ya nyota kwa macho yao wamebakiwa na burudani tu na hawana tena mchango katika elimu ya nyota. Upande mmoja wa hoja hiyo ni wa kweli, nami naukubali tangu mwanzo: milipuko hafifu ya galaksi za mbali leo hugunduliwa na mashine, tena kwa maelfu kila mwaka, na hakuna binadamu awezaye kushindana nazo katika uwanja huo. Kosa la mwandishi ni kuichukulia milipuko yote kuwa ya namna hiyo, na kudhani kwamba wale wanaastronomia wa ridhaa walikuwa wakishinda kwa sababu ya ukali wa macho.

Kabla sijafika huko, niseme neno kuhusu istilahi, kwa kuwa safu hiyo iliandika kwamba nova ni “nyota mpya iliyozaliwa”. Jina hilo la Kilatini kweli lina maana ya kitu kipya, na Tycho Brahe alipoona nuru ngeni angani mwaka 1572 aliiita nyota mpya kwa kuwa hapakuwa na maelezo mengine. Nyota yenyewe, hata hivyo, huwa imekuwepo muda mrefu. Katika nova, kibete cheupe, yaani mabaki mazito ya nyota iliyokwisha kumaliza fueli yake, hunyonya gesi ya hidrojeni kutoka kwa nyota mwenza iliyo karibu nacho. Gesi hiyo hujilundika juu yake hadi joto na mgandamizo vinapozidi, kisha huwaka yote kwa mlipuko mmoja wa kinyuklia, na kibete hubaki salama kuanza kujilimbikizia upya. Supanova ni jambo jingine, kwa sababu humo nyota huangamia.

Sasa nije kwenye macho. Robert Evans, mchungaji wa Australia aliyefariki mwaka 2022, aligundua supanova 42 kwa kutazama mwenyewe katika darubini, rekodi ambayo hakuna mtu mwingine aliyeifikia. Darubini aliyoanzia nyuma ya nyumba yake ilikuwa na kioo cha upana wa sentimita 25 tu, na wapenzi wengi wa nyota wanayo kama hiyo. Alichokuwa nacho ambacho wengine hawakuwa nacho ni kumbukumbu: alihifadhi kichwani sura za mamia ya galaksi pamoja na nyota zinazozizunguka, kiasi kwamba alipoelekeza darubini kwenye galaksi moja alihitaji muda mfupi sana kujua kama pameongezeka nukta. Supanova aliyoiona mwaka 1983 katika galaksi ya M83 ikawa miongoni mwa mifano iliyowawezesha wataalamu kutenga aina ya pekee ya supanova, ile iitwayo Ib, inayotokana na nyota kubwa zilizokwisha kupoteza tabaka lao la nje la hidrojeni. Vivyo hivyo George Alcock, mwalimu wa shule nchini Uingereza, alijifunza kwa moyo mpangilio wa nyota zipatazo 30,000 kama zinavyoonekana katika darubini ya macho mawili. Mwaka 1967 aligundua nova katika kundinyota la Delphinus, na mwaka 1991, akiwa na umri wa miaka 78, aligundua nyingine katika Hercules ambayo ilikuwa miongoni mwa nova zilizofifia haraka mno. Ingechelewa kuonwa siku chache tu, sehemu yenye mafunzo mengi ingekuwa imekwisha kupita.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, na ambao naomba mwandishi wako autafakari, ni ule wa supanova ya Februari 1987 katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani na yetu, angavu kuliko supanova zote zilizoonekana tangu ile ya mwaka 1604. Usiku ule katika kituo cha kutazamia nyota cha Las Campanas nchini Chile, Ian Shelton aliikuta katika picha aliyoipiga, na Oscar Duhalde, mwendeshaji wa darubini katika kituo hichohicho, alikuwa ametoka nje akaiona kwa macho matupu. Huko New Zealand, Albert Jones, mwanaastronomia wa ridhaa ambaye maishani mwake alifanya makadirio zaidi ya 500,000 ya uangavu wa nyota, naye aliiona bila kupewa habari na mtu yeyote. Haya yanajulikana sana. Lisilosemwa mara nyingi ni kwamba usiku uliotangulia Jones alikuwa ameitazama sehemu ileile ya anga na hakuona kitu chochote kigeni.

Mtu anaweza kuuliza kuna faida gani katika kutoona kitu. Saa chache kabla nuru ya mlipuko haijaonekana, mitambo iliyofukiwa chini ya ardhi nchini Japani, Marekani na Umoja wa Kisovieti ilinasa kwa pamoja chembe zisizozidi thelathini za nyutrino zilizotoka katika kiini cha nyota kilipoporomoka. Nyutrino hupenya tabaka za nyota kana kwamba hazipo, ilhali wimbi la mlipuko lazima lisafiri kutoka ndani hadi kwenye uso wa nyota ndipo nuru itoke. Wimbi hilo lilichukua muda gani? Jones alikuwa ametazama pale karibu saa mbili baada ya nyutrino kufika duniani, akaandika kwamba hapakuwa na nuru ya kiwango ambacho angeweza kukiona. Picha iliyopigwa Australia yapata saa moja baadaye inaionyesha supanova tayari. Kwa hiyo maandishi ya mtu mmoja aliyekuwa akiendelea na kazi yake ya kila usiku, asiyejua kwamba lolote limetokea, yakawa mpaka wa wakati ambao kila nadharia ya mlipuko ule ililazimika kuuheshimu. Nyota iliyolipuka ilikuwa umbali wa miaka ya nuru kama 168,000, na swali la saa moja au mbili likajibiwa kwa sehemu kutoka katika daftari la mpenzi wa nyota.

Iwapo mwandishi wako atasema kwamba hayo ni ya zamani, nitamtajia Agosti 2021. Nyota iitwayo RS Ophiuchi, kibete cheupe kinachoishi na jitu jekundu, yaani nyota nzee iliyovimba, na ambacho hulipuka tena na tena, ilianza kung’aa tarehe 8 mwezi huo, na walioitangaza kwanza walikuwa wanaastronomia wa ridhaa. Usiku uliofuata, darubini za H.E.S.S. zilizoko Namibia, ambazo hutafuta miale ya gama yenye nishati kubwa mno, zilikuwa tayari zimeelekezwa huko, zikanasa miale ambayo haikuwa imewahi kupatikana kutoka katika nova kwa kiwango kile cha nishati. Darubini kama hizo huona eneo dogo tu la anga kwa wakati mmoja na lazima ziambiwe mahali pa kutazama. Tena tusisahau kwamba kamera zilizotengenezwa kukusanya nuru hafifu sana hujaa kupita kiasi zikikutana na nyota angavu, na mlipuko wa karibu ndio ulio angavu.

Sitaki wasomaji wako wadhani kwamba ni kazi ya kupayuka kila mtu aonapo nukta asiyoifahamu. Mimi mwenyewe, katika miaka yangu ya mwanzo, niliona nyota nyekundu mahali ambapo nilikuwa na hakika hapakuwa na kitu, na nilikosa usingizi hadi nilipofungua ramani nikakuta ni Mira, nyota inayofifia na kurudi kwa mzunguko wa miezi kumi na moja hivi, jambo lililojulikana tangu karne ya kumi na saba. Tangu hapo nafuata utaratibu wanaoufuata wote wanaoichukulia kazi hii kwa uzito: kulinganisha na ramani zaidi ya moja, kuangalia kama si sayari au nyota inayojulikana kubadilika, kungoja nusu saa au zaidi kuona kama nukta imesogea, kuandika saa kamili, na kumwomba mtazamaji mwingine athibitishe, na hapo tu ndipo taarifa ipelekwe kwenye ofisi ya kimataifa inayopokea taarifa za matukio ya angani. Hukumu ya mwisho hutolewa na wataalamu wanaopasua nuru yake na kusoma rangi zake.

Ninayaandika haya sasa kwa sababu maalumu. Katika Corona Borealis, kundinyota dogo lenye umbo la nusu duara, kuna nyota iitwayo T ambayo kwa kawaida haionekani bila darubini. Ililipuka mwaka 1866, ikaonwa na John Birmingham wa Ireland alipokuwa akitembea usiku, ikalipuka tena mwaka 1946, na wataalamu wanatarajia mlipuko mwingine katika miaka yetu hii. Utakapofika, kwa siku chache nyota hiyo itang’aa kama Nyota ya Kaskazini, kisha itafifia. Leslie Peltier wa Marekani, mmoja wa watazamaji mahiri wa ridhaa waliopata kuishi, aliichunga kwa zaidi ya miaka 25, na usiku uleule ilipolipuka, Februari 1946, aliamka, akahisi mafua yanamwanza, akarudi kulala, mlipuko ukampita.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, ni kwamba gazeti lako lichapishe ramani ya kundinyota hilo, likionyesha nyota zake saba kuu na mahali T ilipo, na liirudie kila mwezi ambao kundi hilo linaonekana jioni. Msomaji atakayeitazama ramani hiyo kwa majuma mawili atakuwa amekwisha kuishika sura ya mahali pale, na hataihitaji tena.

Wako mwaminifu,
Msomaji na mtazamaji wa nyota