Mkaguzi wa korosho asipimwe kwa idadi ya malori

Mhariri,

Msimu ukifunguka Oktoba, malori ya korosho hupanga foleni nje ya maghala ya Masasi, Newala na Mtwara mjini. Pale ambapo mkaguzi wa ubora anapewa alama kwa idadi ya malori aliyoyamaliza kwa siku, anafundishwa kubahatisha. Naomba nafasi nieleze kwa nini.

Sampuli ya kilo moja ina korosho karibu 200. Baada ya kupima unyevu, kila korosho inakatwa. Viini vizuri vinawekwa kando, vyenye madoa au visivyokomaa kando, vilivyooza vinatupwa. Chukua gramu za viini vizuri, ongeza nusu ya gramu za vile vyenye madoa, zidisha kwa 0.176: unapata ratili za viini vizuri kwa gunia la kilo 80. Gramu 280 ni kama ratili 49. Gramu 260 ni kama 46. Kukosea gramu 20 tu kunaushusha mzigo ratili tatu na zaidi.

Sasa foleni imefika barabarani na msimamizi anahesabu malori. Mkaguzi anachoma kwa chuma cha kutolea sampuli magunia ya mlangoni mwa lori tu, yanayofikika bila kupanda juu. Anakata robo kilo, kisha anazidisha kwa nne. Magunia ya katikati, yaliyolowa, yanapita. Unyevu ukizidi asilimia 10 rundo hupata joto na ukungu, lakini hilo huonekana baada ya wiki kadhaa, na hasara inaandikwa kwenye fomu ya mtunza ghala. Sifa mkaguzi amekwisha kuzichukua. Huo ndio ubovu wenyewe wa kipimo hiki: faida inahesabiwa leo, hatari inakomaa baadaye kwa mtu mwingine.

Dawa ipo na si ghali. Alama za mkaguzi zisifungwe mpaka mzigo aliopitisha utoke ghalani. Katika kila mizigo 20, mmoja ukatwe upya na mtu asiyejua matokeo ya kwanza. Tofauti ikizidi ratili moja, wakae wote wawili watafute ilipotokea. Na idadi ya magunia yaliyochomwa, yakiwemo ya katikati na ya chini, iandikwe kwenye fomu ya alama za mkaguzi.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo linaumiza watu. Ghala likitoa posho kwa mwezi usio na ajali, kinachopungua kwanza ni taarifa. Kuli aliyetegua mgongo chini ya gunia la kilo 80 ananyamaza asiwanyime wenzake posho, na rundo lililoanza kuinama haliripotiwi. Mkate mtu alama kwa kila kosa, uone kama atathubutu kupendekeza hata njia mpya ya kupanga chaga za kuwekea magunia ili hewa ipite.

Kuthubutu si kubahatisha, na fomu inapaswa kuvitenganisha. Maswali matatu yanatosha: alijua nini kinaweza kuharibika? Alimwambia msimamizi kabla? Alianza na sehemu ndogo inayoweza kurudishwa ilivyokuwa? Mwenye ndiyo tatu apewe alama hata kama jaribio limeshindwa. Aliyeruka hatua kimyakimya apunguziwe, hata kama safari hii mzigo umefika salama.

Viongozi wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) na waendesha maghala waweke nafasi za maswali hayo kwenye fomu kabla lori la kwanza halijashusha.

Mkaguzi wa ubora wa korosho,
Masasi, Mtwara