Intavyuu za uhadhiri ziwe za ukweli

Mhariri, hizi intavyuu za uhadhiri hapa Nairobi zinachosha jamani. Tangu 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iseme mhadhiri awe na PhD watu tumejinyima tukasoma, sasa unaitwa mbele ya paneli umebeba vyeti orijino, karatasi za KRA (watu wa ushuru), HELB (mikopo ya wanafunzi), EACC (wa kupambana na ufisadi) na ya tabia njema kutoka DCI, yaani polisi wa upelelezi (kuzitafuta tu ni kazi ingine), unaulizwa maswali mawili matatu na unaona kabisa kazi ina mwenyewe. Mi nimeamua kutoka. Inauma, darasa nalipenda na wanafunzi bado wananipigia, lakini pesa ya patitaimu inakuja mwaka ukiisha na landilodi hangoji. Kama nafasi ina mtu, wasitangaze.

Aliyekuwa mhadhiri,
Kahawa West, Nairobi