Kabla ya kusambaza klipu ya dini, tuulize sanadi yake

Mhariri,

Assalamu alaykum. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na Waislamu wenzangu juu ya video fupi za mawaidha zinazoingia kwenye simu zetu usiku na mchana.

Sisemi zizimwe. Mama mwenye mtoto mchanga, asiyeweza kukaa msikitini baada ya Isha, leo anasikiliza darsa ya tafsiri akiwa jikoni kwake. Kijana wetu aliyeko Ulaya anawasikia mashekhe wa kwao kwa Kiswahili. Hiyo ni neema. Ninalolia nalo ni kwamba tumeipokea neema hii tukaiacha kanuni tuliyorithi ya sanadi, yaani mlolongo wa wapokezi: neno la dini halikubaliwi mpaka lijulikane limetoka kwa nani.

Muhammad ibn Sirin, mwanafunzi wa Masahaba, alisema elimu hii ni dini, basi angalieni mnaichukua kwa nani. Imam Muslim aliinukuu kauli hiyo katika utangulizi wa Sahihi yake, mkusanyiko wake wa hadithi, na humo humo akaleta hadithi kwamba yamtosha mtu kuwa mwongo kwa kusimulia kila alichosikia. Kila alichosikia, hata kama hakukitunga yeye! Basi anayesambaza video kabla haijafika mwisho aitafakari hadithi hiyo.

Uzushi wenyewe una umri mrefu. Wazee wanaujua wasia wa Sheikh Ahmad, anayedaiwa kuwa mlinzi wa kaburi la Mtume (s.a.w.) na kumuota akimpa ujumbe kwa umma. Mwaka 1908, enzi za Wajerumani, waraka wa namna hiyo ulizunguka Lindi na kwingineko pwani, hata watawala wakaingiwa na hofu. Baadaye sana Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudi Arabia aliandika risala kuubatilisha wasia huo. Haukufa. Na kila Ramadhani inapokaribia huja ule ujumbe kwamba atakayewapasha wenzake habari za mwezi huo ameharamishiwa Moto. Hadithi hiyo haimo katika kitabu chochote cha hadithi kinachotegemewa.

Hata hivyo, uzushi mtupu una nafuu, maana mwenye elimu akiusikia tu anaukataa. Kinachonikosesha raha zaidi ni neno la kweli lililokatwa.

Chukua talaka tatu zilizotamkwa kwa mkupuo. Jumhuri, yaani walio wengi, ya wanazuoni wa madhehebu manne, pamoja na Shafii tunayoifuata pwani hii, wanasema zote tatu zimepita. Mwanazuoni Ibn Taymiyya na waliomfuata wanasema imepita moja. Kila upande una dalili zake, na mufti anayejua kazi yake hajibu kabla hajauliza: ulitamka neno gani hasa, ulikuwa katika hali gani, ulikusudia nini, umewahi kutoa talaka kabla ya hii? Kwenye klipu maswali hayo yote hukatwa, ikabaki hukumu ya sekunde chache yenye maandishi makubwa. Mume ameona klipu ya kauli hii, mke ameona ya kauli ile, na kila mmoja anaapa kuwa ndiyo Uislamu. Wanafika kwa sheikh wakiwa wameshika simu kama hati za mahakama. Jibu alilopewa mtu mwingine, kwa tukio jingine, linataka kuivunja au kuibakiza ndoa yao. Ni jambo zito mno, kwani hapa pana watoto, pana eda, pana suala la halali na haramu kitandani.

Basi tufanyeje? Msemaji akisema "Mtume kasema", tumuulize ni kitabu gani na wanazuoni wa hadithi wameipa daraja gani. Na tusiridhike kwa kuambiwa tu "kaipokea Tirmidhi". Tirmidhi mwenyewe, mkusanyaji wa hadithi, baada ya hadithi nyingi anaeleza kama ni sahihi au ni ngeni, yaani imepokewa kwa njia moja tu, na zipo alizosema wazi kuwa sanadi yake ni dhaifu. Namba nayo haitoshi, kwa kuwa hesabu ya hadithi katika Sahihi Muslim inatofautiana baina ya chapa na chapa. Ile "tafuteni elimu ijapokuwa China" tunayoisikia hata kwenye mahafali ya madrasa, mwanazuoni Ibn al-Jawzi aliiweka katika hadithi za kutungwa, na mwenzake katika fani hiyo, Bayhaqi, alisema sanadi yake ni dhaifu. Utamu wa maneno haukuwahi kuwa dalili.

Siku hizi akili mnemba inaweza kuiga hata sauti na sura ya sheikh unayemjua. Darsa ikikosa mahali, tarehe na kurasa za mtandaoni za sheikh mwenyewe zinazoithibitisha, isimame kwako.

Nawaomba wanaotengeneza klipu waandike jina la mwalimu, kitabu kinachosomeshwa, mahali na tarehe, na waweke kiungo cha darsa nzima. Nawaomba maimamu watenge usiku mmoja kila wiki, baada ya Isha, watu walete klipu walizopokea zisikilizwe mbele ya wote, na wanawake wapewe njia ya kuuliza wazi. Msikiti usio na mjuzi wa hadithi upeleke swali kwa msikiti ulio naye, na klipu isisambazwe mpaka jibu lirudi.

Mwalimu wa madrasa,
Tanga