Vichwa vya miti visichomwe, vina wenyewe

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya ukurasa wa kilimo iliwashauri wenye misitu yao "wasafishe" eneo mara tu baada ya kuvuna mbao: wakusanye matawi, vichwa vya miti na magogo mabovu, wayatie moto, ili panya na nyoka wakose pa kujificha. Huku Masindi, magharibi mwa Uganda, ushauri huo ulishafuatwa kabla haujatolewa. Januari ikifika, moshi mwingi unaoonekana pembezoni mwa msitu wa Budongo ni wa mabaki hayo hayo, na moto wenyewe mara nyingi hauishii ulipowashwa.

Naomba nafasi nipinge, kwa sababu kazi hii naijua kwa mikono. Nimezaliwa kambi ya kiwanda cha mbao. Baba alitoka upande wa Arua kuja kuangusha mikangazi (mahogani), na pale kambini Walugbara, Waalur, Wanyoro na Wakongo walisikilizana kwa Kiswahili, ndiyo maana nawaandikia kwa lugha hii. Mwenyewe nimepasua mbao kwa msumeno wa shimoni, mmoja juu ya gogo, mwenzake chini akila vumbi. Baadaye watafiti waliniajiri kazi ambayo majirani waliicheka mpaka wakachoka: kutega panya msituni, kuwapima uzito, kisha kuwaachia waende zao. Mke wangu aliambiwa sokoni kwamba mumewe ndiye mtu pekee Masindi anayelipwa kwa kutoua panya.

Mitego yenyewe ni visanduku vya bati vinavyojifunga bila kumuumiza mnyama. Chambo ni karanga za kusaga na ndizi mbivu. Mtegaji asiyejali huweka kisanduku popote anapopita, na asubuhi anakuta chambo kimeliwa na siafu. Anayetaka panya hukiweka ubavuni mwa gogo lililolala, maana panya wa msituni hakatizi penye uwazi. Hufuata kando ya gogo, au chini yake palipo na upenyo, bundi asimwone. Gogo linalooza hushika unyevu hata kiangazi kikali. Limejaa mchwa, jongoo, mabuu na uyoga. Kirukanjia, mnyama wa pua ndefu anayefanana na panya, ambaye mwili wake mdogo unamlazimisha kula usiku na mchana, hapati ghala jingine la namna hiyo. Sange, mwenye pua ndefu kama mkonga mdogo, hutafuta wadudu kwenye majani makavu yanayojikusanya kando ya magogo, na majani hayo hayo hujengea kiota. (Uganda tuna hata kirukanjia mmoja mwenye uti wa mgongo uliofumana kwa namna ya ajabu. Wanasayansi walimweleza mara ya kwanza mwaka 1910 kutokana na mnyama aliyepatikana karibu na Kampala, na inasemekana hubeba uzito wa mtu mzima mgongoni bila kuvunjika. Kwa wengi wetu huyo naye ni panya tu, achomwe.)

Hapa ndipo makala yenu ilipoteleza. Panya si mmoja. Anayetoboa magunia ya mahindi ndani ya nyumba haishi msituni. Wa msituni ni wengine: yupo mwenye manyoya laini ya kahawia na tumbo jeupe, yupo mwenye mstari mmoja mweusi katikati ya mgongo, yupo mwenye manyoya magumu anayependa kula siafu, ambaye ukimshika vibaya ngozi yake inachanika mkononi mwako. Halafu yupo wa nyikani, mwenye mistari mingi mgongoni, ambaye makao yake ni nyasi ndefu. Sisi wategaji hatukuhitaji kuuliza mahali pamevunwaje. Tulikuwa tukifungua visanduku tukakuta wa mstari mmoja, tunajua msitu bado upo. Wakianza kuingia wa mistari mingi, hapo nyasi zimeshachukua nafasi ya miti.

Najua mtu wa Fort Portal atanikumbusha habari za msitu wa Kibale ulio karibu na mji wake, na ana haki. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vitalu vya msitu ule vilikatwa kwa viwango tofauti, K-15 kikakatwa sana, K-30 kikabaki bila kuguswa. Miaka ya 1980 watafiti Isabirye-Basuta na Kasenene walitega huko wakakuta panya ni wengi zaidi palipokatwa kuliko penye msitu uliokomaa. Na panya wale hawakuwa wageni wema: walikula mbegu na kutafuna miche, ikawa sababu mojawapo ya msitu kuchelewa kurudi. Basi si bora kuchoma?

Hapana. Someni vizuri kilichotokea. Miti mingi mno iliondoka kwa pamoja, jua likapiga ardhini, vichaka na mitambaazi ikafunga kila mahali kiasi cha mche kukosa pumzi, tembo nao wakapenda kushinda humo na kuvunja vilivyobaki. Panya walifuata kichaka. Ukichoma mabaki mahali kama hapo, jua linabaki lile lile, na msimu wa mvua nyasi na vichaka vinarudi kabla ya mti wowote. Umefukuza kirukanjia na sange, umemkaribisha wa mistari mingi. Dawa ni kivuli, na kivuli kinatoka kwenye miti ambayo mvunaji aliamua kuiacha.

Kwa hiyo magogo ya chini na miti iliyosimama ni jambo moja. Miti ya kuachwa, tena, si lazima iwe ile yenye pesa. Acheni muhimbi uliopinda, mti ule wa mbao ngumu. Acheni mkuyu, ambao hauna mbao ya maana lakini popo na ndege hutawanya mbegu zake usiku na mchana. Acheni hasa mti mzee wenye uvungu, kwa sababu humo hulala komba, perere, kanu (mnyama wa madoa anayefanana na paka) na bundi, na hao wawili wa mwisho ndio wanaopunguza panya bila kumdai mtu mshahara. Budongo tuliwahi kufundishwa kinyume chake: miaka ya 1950 na 1960 idara ya misitu ilikuwa ikiipaka dawa ya sumu miti iliyoonekana haina soko, muhimbi ukiwemo, ili mikangazi ipate nafasi. Baba aliiona mihimbi ikikauka wima, na alikuwa akisema wazungu wamechukia mti kwa sababu unavunja misumeno yao.

Mbali huko Kanada, katika jimbo la British Columbia, ambako miti hukatwa yote kwa mara moja, watafiti wamejaribu kurundika mabaki katika malundo na mistari mirefu badala ya kuyachoma. Panya mdogo wa mgongo mwekundu, ambaye kwa kawaida hutoweka eneo likishakatwa, amebaki kwenye malundo hayo, na vicheche wanaomwinda wakamfuata. Misitu yao ni ya baridi, sitaki kudai kila kitu kinahamishika. Ila wazo la kuanzisha mstari wa mabaki kwenye ukingo wa msitu uliobaki na kuupeleka hadi ndani ya eneo lililokatwa, mnyama apate njia yenye paa, halihitaji theluji.

Tatizo letu kubwa ni makaa, sio panya. Kichwa cha mkangazi ambacho mwenye mbao hakitaki kinatafutiwa tanuri kabla majani hayajanyauka, na mti wenye uvungu huangushwa kwa sababu hiyo hiyo. Siwalaumu akina mama wa kuni. Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya mwaka 2003 inamruhusu mwananchi kuchukua kuni kavu za matumizi ya nyumbani, kwa kiasi, bila malipo. Matawi ya unene wa mkono wachukue. Gogo kubwa lililooza halifai jikoni hata kidogo, linatoa moshi na kumliza mpishi. Hilo libaki.

Na nyoka? Wapo, sikatai. Lundo lisiwekwe karibu na nyumba wala ukingoni mwa shamba la mahindi. Lisogezeni ndani, upande wa msitu au wa mto.

Kama yupo msomaji mwenye msitu wake upande wa msitu wa Bugoma, ambako vipande vilivyobaki vinageuzwa mashamba ya miwa kila mwaka, na amewahi kuacha mabaki yake bila kuyachoma, naomba aandike kwenye ukurasa huu aliona nini mvua ziliporudi. Ningependa pia mwandishi wa makala ile aje Masindi. Mitego miwili mitatu ya bati bado ninayo, na ndizi hazijawahi kutupungukia.

Baba Zaituni,
Nyabyeya, Masindi