Risala ya wafugaji wa kuku wa Katuba, Lubumbashi, kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Bwana shefu wa kartiye,
Mababa na mamama,

Karibu sana kwetu Katuba. Tunajua kazi zako ni nyingi, na kufika kwako ni heshima kubwa kwetu. Wakubwa waliokutangulia nao walifika, wakaketi kwenye viti hivi hivi, wakasikiliza risala kama hii. Kwa hiyo tunakuomba kwa unyenyekevu utusikilize hadi mwisho.

Kikundi kilianza mwaka 2016 kwa mamama tisa na vifaranga 50. Leo tuko wanachama 43, tuna kuku wa mayai 600 katika banda la pamoja, na mayai yetu yanafika soko la Kenya na soko la Mzee Kabila, hapa hapa Lubumbashi. Ukutani mwa darasa letu kuna mchoro wa mwili wa kuku, toka mdomo hadi tundu la kutagia. Katika komini yetu nzima ya Katuba hatujaona mfano wake. Kila mwanachama anajua kumpasua kuku aliyekufa na kuangalia kilichomuua. Elimu hiyo ndiyo imetuonyesha kwamba haja yetu kubwa ni moja: maji.

Mheshimiwa, kuku hana tezi za jasho. Mwili wake una joto la digri 41 hadi 42, na siku ya jua kali kinga yake kubwa ni kuhema. Mapafu yake yameshikamana na mbavu, hayatanuki kama yetu; hewa inasukumwa na vifuko tisa vyembamba vilivyotanda kifuani na tumboni. (Ndiyo maana tunawakataza watoto kumbana kuku kifua: mbavu zisipocheza, hapumui.) Joto la hewa likifika digri 30 utamwona ameachanisha mabawa, mdomo wazi, koo linatetemeka, na kila pumzi inaondoka na maji. Kuku anayekula gramu 120 kwa siku hunywa kama mililita 250. Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, anaweza kutaka mara mbili yake. Kwa kuku 600 hizo ni lita 150 siku ya kawaida na lita 300 siku ya joto, yaani bidoni 15 za lita 20, bado ya kuosha vinyweshea. Zote zinakuja kichwani mwa mamama na watoto wao, kutoka kisima cha mkono ambacho maji yake hushuka kuanzia mwezi wa nane.

Maji yakikosekana, gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, ndilo linaanza kusema. Kuku hana meno. Chakula kinalowana kwanza ndani ya gole, kinapita tumbo la tezi lenye asidi, ndipo firigisi inakisaga kwa changarawe. Gole likikauka linakuwa gumu kama ngumi, na kuku anaacha kula. Baada ya hapo ni yai. Yai la gramu 60 lina karibu gramu 40 za maji. Kiini kikishaachiliwa na ovari ya kushoto, ambayo kwa kawaida ndiyo peke yake inayofanya kazi, kinavishwa ute kwa saa kama tatu, kinapata ngozi kwa saa moja na kitu, kisha kinakaa karibu saa 20 kikijengewa ganda. Siku nzima bila maji inatosha kukata utagaji, na kuku wengine wananyonyoka manyoya. Kurudi katika hali yao ni kazi ya wiki kadhaa. Hata wanaoendelea kutaga, kwa kuhema sana damu yao inapoteza hewa chafu inayohitajika kujenga ganda, na yai linatoka na ganda jembamba linalopasuka kabla ya kufika sokoni. Kumwongezea chokaa peke yake hakutoshi.

Lakini kinachotuumiza zaidi ni figo. Kuku hana kibofu; uchafu wa damu unatoka kama ule weupe juu ya kinyesi. Maji yakiwa machache, weupe huo haushuki. Ukimpasua kuku wa namna hiyo unakuta figo zimevimba, zina michirizi myeupe, na juu ya moyo na ini kuna unga kama chaki, umeganda kwenye utando. Akifika hapo hakuna dawa ya kumrudisha.

Mheshimiwa, haya tuliyasema mwaka 2019, tukaahidiwa foraje, yaani kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mashine, kabla ya Noeli. Tukayasema tena mwaka 2022, jiwe la msingi likawekwa, picha zikapigwa. Jiwe lipo nyuma ya banda, utaonyeshwa. Maji hayapo. Hatusemi haya kwa kukosa adabu; tunayasema kwa sababu kila mwezi wa kumi tunazika kuku.

Tunaomba foraje moja yenye pampu ya sola, kwa kuwa kura, yaani umeme, inakatika wakati wowote, na tanki la lita 5,000 juu ya mnara, chini ya kivuli: kuku anakataa maji ya moto hata akiwa na kiu. Tanki likijaa, hata kwa lita 300 kila siku, litawanywesha siku 16. Kwa upande wetu, mtaro wa bomba wa mita 80 umekwisha kuchimbwa, matofali na mchanga vipo, na vijana wanne wako tayari kufundishwa kutunza pampu. Mizani na makasi ya kupasulia tutajinunulia wenyewe.

Kwa heshima zote, hatuombi ahadi nyingine leo. Tunaomba tarehe ambayo mafundi watakuja kupima, iandikwe kwenye daftari la kikundi na kuwekwa sahihi yako mbele ya mkutano huu. Mama mweka hazina analo daftari, na kalamu ipo.

Tunaomba kuwasilisha.